Gulio la Sevilla: Sherehe ya jiji zima au karamu ya wenye vibanda?

SHEREHE inayolitambulisha jiji la Sevilla, kusini mwa Uhispania, kote ulimwenguni ilirejea kwenye ratiba yake ya zamani mnamo Mei 2025. Gulio la Aprili, au Feria de Abril kama wenyewe wanavyoliita, lilifunguliwa usiku wa Jumatatu kuamkia Jumanne, Mei 6, na kukamilika Jumapili, Mei 11. Tangu 2017 lilikuwa likianza Jumamosi na kuendelea wiki nzima.

Kwa mtu aliye mbali, hili ni jambo dogo mno. Siku zimepunguzwa, basi. Lakini katika jiji hilo suala la ratiba limewagawanya watu kwa karibu muongo mmoja, na mgawanyiko wenyewe hautokani na kalenda. Mnamo 2016 baraza la jiji liliwaandalia wakazi kura ya maoni, na waliojitokeza wakaunga mkono kuongezwa kwa siku. Mnamo 2024, utawala mpya wa jiji ulipotaka kubadilisha uamuzi huo, walioulizwa maoni ni wenye leseni za vibanda vinavyojengwa kwenye uwanja wa gulio. Hao walitaka ratiba ya kale, nao wakaipata.

Hapo ndipo penye kiini cha mjadala. Je, sherehe hii ni mali ya nani? Ni ya jiji lote linalogharamia ulinzi, usafi na taa, au ni ya wachache wenye funguo za vibanda? Ili kulijibu swali hilo, inafaa kurudi nyuma hadi siku ambazo uwanjani hapakuwa na rinda wala gitaa, bali ng'ombe, nyumbu na kondoo.

Sevilla ya katikati ya karne ya 19 ilikuwa jiji lililofifia. Kwa muda mrefu lilikuwa lango la biashara yote kati ya Uhispania na makoloni yake ya bara la Amerika, hadi ofisi iliyosimamia biashara hiyo ilipohamishiwa bandari ya Cádiz mnamo 1717. Karne moja baadaye makoloni yenyewe, isipokuwa machache, yakajinyakulia uhuru. Kilichobaki kuwa nguzo ya uchumi ni ardhi. Na ardhi nayo ilikuwa ikibadilisha mikono: kuanzia 1836 serikali ya Uhispania ilitwaa mashamba ya Kanisa na kuyauza kwa mnada, hatua iliyowanufaisha zaidi matajiri waliokuwa na fedha taslimu, huku vibarua wa Andalucía wakisalia vibarua.

Katika mazingira hayo, mnamo 1846 madiwani wawili waliwasilisha pendekezo kwamba jiji lianzishe gulio la kila mwaka la mifugo. Mmoja ni José María Ybarra, mfanyabiashara aliyezaliwa Bilbao katika eneo la Wabaski. Wa pili ni Narciso Bonaplata, mwenye viwanda kutoka Barcelona, Catalonia, ambaye kiwanda chake cha kuyeyusha chuma kilihusika katika ujenzi wa daraja la Triana lililofunguliwa 1852. Ni jambo la kuchekesha kidogo kwamba sherehe inayochukuliwa leo kuwa roho ya Andalucía iliasisiwa na watu wawili waliotoka kaskazini, mmoja Mbaski na mwenzake Mkatalonia. Wenyeji wa Sevilla wanalijua hilo, ila hawapendi kulikariri sana.

Hoja ya madiwani hao haikuwa ya burudani hata chembe. Walitaka soko. Miji midogo jirani kama Mairena del Alcor ilikuwa na gulio lake la mifugo tangu karne ya 15, na wakulima wa Sevilla walilazimika kwenda huko kununua na kuuza. Isitoshe, jiji lilikuwa na haki ya kale: Mfalme Alfonso wa Kumi alilikubalia kuwa na magulio mawili kwa mwaka mnamo 1254, miaka sita tu baada ya babake kuliteka kutoka mikononi mwa Waislamu. Haki hiyo ilikuwa imesahaulika. Malkia Isabel wa Pili aliidhinisha ombi jipya mnamo Machi 1847, na Aprili 18 mwaka huo gulio la kwanza likafunguliwa katika uwanja wa Prado de San Sebastián likiwa na vibanda 19.

Uwanja wenyewe una historia inayotisha. Uko nje ya kuta za zamani za jiji, upande ambao mahakama ya Kanisa iliyosaka wazushi wa dini iliwahi kuwachomea moto watu iliowahukumu. Mkabala wake kilisimama kiwanda kikubwa cha tumbaku, ambacho leo ni makao ya chuo kikuu na ambacho kilipata umaarufu kupitia opera ya Bizet iitwayo Carmen, iliyoonyeshwa mara ya kwanza 1875. Ni mahali ambapo jiji lilikuwa limezoea kukutana, kwa mema na kwa maovu.

Inasimuliwa kwamba haikuchukua muda kabla ya wachuuzi wa mifugo kulalamika kwa wakuu wa jiji kuwa wakazi, kwa nyimbo na ngoma zao, wanawavurugia biashara. Iwapo malalamishi hayo yalitolewa kwa maneno hayo hasa au la, yanaeleza jambo la kweli: sherehe ilianza kulimeza soko mapema mno. Familia za wenye mashamba zilijenga vibanda vya turubai ili kupumzikia na kuwakaribishia wateja. Mkataba wa ng'ombe ulikamilishwa kwa bilauri ya mvinyo. Bilauri ilileta wimbo, wimbo ukaleta dansi, na kabla ya karne kwisha kulikuwa na watu wengi waliokuja bila hata mbuzi wa kuuza.

Mabadiliko mengine yaliletwa na wasanii na wahandisi. Mnamo 1896 lilijengwa daraja la chuma la waendao kwa miguu kwenye mlango wa uwanja, likapambwa kwa taa na kuwa alama ya gulio hadi lilipobomolewa 1921. Lango kubwa la taa linalosimamishwa kila mwaka hivi leo, na ambalo mchoro wake hubadilika mwaka hadi mwaka, ni mjukuu wa daraja hilo. Mnamo 1919 mchoraji Gustavo Bacarisas, mzaliwa wa Gibraltar, alibuni mtindo wa vibanda ambao umedumu: turubai za mistari na paji la pembetatu lenye nakshi mbele yake. Almuradi, mengi yanayoitwa ya kale yana umri wa miaka mia moja na ushei tu.

Mavazi nayo yana kisa chake, na huenda ndicho kisa chenye uchungu zaidi. Rinda refu lenye mikunjo na madoa ya duara, ambalo wanawake wa tabaka zote huvaa wiki hiyo, halikutoka kwenye makabati ya matajiri. Lilikuwa vazi la kazi la wanawake wa mashambani na wa jamii ya Waroma, ambao Uhispania huwaita Gitano, waliowafuata waume zao gulioni. Waroma walikuwa mabingwa wa biashara ya farasi na nyumbu. Bila wao pasingekuwa na soko la maana.

Ni jamii hiyo hiyo ambayo mnamo 1749, chini ya utawala wa Mfalme Fernando wa Sita, ilikamatwa kwa mkupuo mmoja kote nchini. Maelfu ya wanaume, wanawake na watoto walitiwa mbaroni, familia zikatenganishwa, wanaume wakapelekwa kufanya kazi za shokoa katika mabohari ya jeshi la wanamaji. Wengine hawakuachiliwa hadi miaka ya 1760. Baadaye, mabibi wa majumba makubwa ya Sevilla walianza kuiga rinda la mke wa mchuuzi wa nyumbu. Kufikia Maonyesho ya Mataifa ya Uhispania na Amerika yaliyofanyika jijini humo 1929, vazi hilo lilikuwa limekubalika kuwa vazi rasmi la gulio. Leo hii mafundi wa nguo hulibuni upya kila msimu, na bei ya rinda moja lililoshonwa kwa kipimo si ya mnyonge.

Hapa mchambuzi hana budi kuwa mwangalifu. Kuiga si lazima kuwe ni kuiba, na tamaduni zote za bandarini na sokoni hukua kwa kuazimana. Dansi inayochezwa gulioni, ambayo huitwa sevillanas na ambayo huwa na sehemu nne zinazofuatana, ina asili yake katika ngoma za wakulima wa Castilla, kisha ikapakwa rangi ya flamenco. Flamenco yenyewe, iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya turathi za binadamu mnamo 2010, ni mchanganyiko ambao Waroma ndio waliochangia sehemu kubwa. Lakini ni jambo moja kuvaa nguo ya jirani, na ni jambo jingine kumfungia jirani huyo mlango.

Na milango kweli hufungwa. Tangu 1973 gulio hufanyika katika kiwanja cha mtaa wa Los Remedios, ng'ambo ya pili ya mto Guadalquivir, kwa sababu kile cha zamani kilikuwa kimelemewa. Vibanda 19 vya mwaka wa kwanza sasa vimepita 1,000. Vimepangwa katika barabara zilizopewa majina ya wapiganaji mashuhuri wa mafahali kama vile Juan Belmonte na Joselito el Gallo, na ardhi hutandazwa mchanga wa rangi ya manjano. Angani huning'inia maelfu ya taa za karatasi. Mgeni anayepita humo kwa mara ya kwanza huona mji mzima uliojengwa kwa ajili ya wiki moja. Kisha huona mlinzi kwenye kila mlango.

Kiasi kikubwa cha vibanda hivyo ni vya watu binafsi: familia, makundi ya marafiki, makampuni, vilabu na vyama vya kitaaluma. Mtu haingii ila awe mwanachama au amealikwa. Vipo vichache vya umma, vikiwemo vya wilaya za jiji, vyama vya wafanyakazi na vyama vya siasa, ambamo yeyote huingia na kununua chakula chake. Hivyo ndivyo vinavyofurika watalii pamoja na wakazi wasio na jamaa mwenye kibanda. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huko Sevilla mgeni huambiwa aje, ila kwanza aeleze ni mgeni wa nani.

Wenye vibanda wana utetezi wao, na si utetezi wa kupuuzwa. Husema kibanda ni sebule ya nyumba iliyohamishiwa uwanjani, na hakuna anayeiacha sebule yake wazi kwa wapita njia. Husema pia kwamba wanachama wake si mabwanyenye wote. Wamo makarani, mafundi na walimu wanaochanga kila mwezi mwaka mzima ili kulipia ada ya baraza, turubai, umeme, jiko na wapishi. Katika kibanda kama hicho babu, mjukuu na shemeji hukaa meza moja kwa siku sita, jambo ambalo miji mingi ya Ulaya imekwisha kulipoteza. Usiku wa kwanza wanachama hula samaki wa kukaanga pamoja, kisha saa sita kamili ya usiku taa za lango huwashwa, balbu zaidi ya 20,000 kwa mpigo, na watu hupiga makofi kama kwamba hawajawahi kuona umeme.

Tatizo liko kwenye namna leseni zinavyotolewa. Ardhi ni ya umma. Leseni ni ya mwaka mmoja na hairuhusiwi kuuzwa wala kukodishwa. Hata hivyo, aliyekuwa nayo mwaka uliotangulia hupewa kipaumbele mradi awe amelipa ada yake kwa wakati na hajakiuka masharti. Matokeo yake ni kwamba leseni haiachwi. Hupita kutoka kizazi hadi kizazi ndani ya kundi lile lile, na anayeomba mara ya kwanza huingia kwenye orodha ambayo kusubiri kwake kunaweza kupita miaka 20. Kijana aliyehamia Sevilla na kuomba leseni akiwa na miaka 25 ana uwezekano mkubwa wa kuwa na mvi kabla ya kujibiwa.

Kwa muda mrefu suluhisho lililotajwa lilikuwa kupanua uwanja. Utawala wa jiji uliwahi kupendekeza kulihamishia gulio katika eneo la Charco de la Pava, lenye nafasi tele kandokando ya mto. Mpango huo ulijadiliwa miaka nenda miaka rudi bila ya kutekelezwa. Sababu za kifedha zilitajwa, lakini iko nyingine isiyosemwa waziwazi: upungufu ndio unaokipa kibanda thamani yake. Vikiwa 3,000, mwaliko hautakuwa tena kitu cha kujivunia.

Ikumbukwe pia kwamba haya si maumbile ya magulio yote ya Andalucía. Huko Jerez de la Frontera, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kuelekea kusini, Gulio la Farasi hufanyika mwezi Mei, na vibanda vyake kwa desturi huwa wazi kwa kila mtu. Córdoba nako vibanda hufunguliwa umma. Miji hiyo ina mvinyo ule ule, dansi ile ile na farasi bora zaidi pengine, kwani Jerez ndiko kwenye shule ya kifalme ya sanaa ya farasi. Kwa hivyo anayedai kwamba desturi haiwezi kuishi bila ya mlinzi mlangoni anapaswa kwanza kueleza inavyoishi Jerez.

Kuhusu farasi, mifugo imesalia gulioni kama pambo. Kadiri matrekta yalivyoenea mashambani katika karne ya 20, ndivyo biashara ya ng'ombe na nyumbu ilivyozidi kukosa maana uwanjani. Kilichobaki ni gwaride la mchana, kuanzia adhuhuri hadi jioni, ambapo wapanda farasi na magari ya kukokotwa huzunguka barabara za uwanja wakionyeshana. Watetezi wa haki za wanyama wamekuwa wakilalamikia saa nyingi ambazo wanyama hao husimama juani. Malalamishi kama hayo, tena makali zaidi, huelekezwa kwa uwanja wa mafahali wa Real Maestranza, ambako mapigano hufanyika kila alasiri ya wiki ya gulio na fahali huuawa mbele ya umma. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki anaweza kukumbuka mchezo wa ng'ombe wa Pemba, ambao wengi huuhusisha na Wareno waliotawala sehemu hizo. Tofauti ni kwamba ng'ombe wa Pemba hurudi nyumbani kwake akiwa mzima.

Si hilo tu linalomgusa msemaji wa Kiswahili. Mto Guadalquivir unaopita kando ya uwanja umebeba jina la Kiarabu lenye maana ya bonde kubwa au mto mkubwa, na cheo cha meya wa Sevilla, alcalde, kimetoka kwenye neno lile lile lililotupa sisi kadhi. Mnara wa Giralda, unaoonekana ukiwa mbali kabisa, ulikuwa mnara wa msikiti kabla ya kuwa wa kanisa kuu. Jiji linalojisifia usafi wa desturi zake limejengwa kwa matabaka ya watu walioingia, wakatawala, wakafukuzwa na kuacha maneno yao nyuma.

Mabishano ya ratiba basi yanaeleweka vizuri zaidi yakitazamwa kwa jicho hilo. Gulio hupangwa kwa kufuata Pasaka, kwa kawaida takriban wiki mbili baada ya Juma Takatifu, na ndiyo sababu miaka mingine Gulio la Aprili huangukia Mei, kama ilivyotokea 2022 na 2025. Waliounga mkono ratiba ndefu, wakiwemo watu wa hoteli na mikahawa, walitaka wikendi mbili za wageni. Waliotaka ratiba fupi walisema jiji limechoka, wafanyakazi wa vibanda wamechoka, na kwamba siku za mwisho uwanja ulikuwa ukihamwa na wenyeji wanaokimbilia pwani. Hoja zote mbili zina mashiko. Ila ya kwanza iliamuliwa kwa kura iliyokuwa wazi kwa wakazi na ya pili ikaamuliwa baada ya kuwasikiliza wenye leseni. Hakuna sheria iliyovunjwa. Baraza la jiji lina mamlaka ya kupanga siku. Lakini aliyeulizwa ndiye aliyetambuliwa kuwa mwenyeji.

Yapo yaliyoonekana wakati wa janga la Covid-19 pia. Mnamo 2020 na 2021 gulio halikufanyika. Wapishi, wanamuziki, mafundi wa marinda, wenye bembea za watoto, wauza maua na madereva wa magari ya farasi walipoteza riziki ya msimu mzima, miaka miwili mfululizo. Wengi wao hawana kibanda wala hawajawahi kualikwa katika kimoja. Kwao gulio bado ni kile Ybarra na Bonaplata walichoomba: soko.

Na kama ni kuutafuta mlango ulio wazi, msafiri anaweza kuufuata uhamaji wa Waandalucía wenyewe. Katika miaka ya 1950 na 1960 umaskini wa vijijini uliwasukuma mamia ya maelfu yao kwenda viwandani Catalonia, ambako waliishi katika vitongoji vya pembezoni na kudharauliwa kwa lafudhi yao. Katika miaka ya 1970 wahamiaji hao walianzisha gulio lao wenyewe, ambalo baada ya kuhamahama uwanja hadi uwanja lilikuja kutua ufuoni mwa Barcelona, mji alikozaliwa Bonaplata. Taa za karatasi ni zile zile, na samaki wa kukaanga ni yule yule. Vibanda huendeshwa na vyama vya wahamiaji na wazao wao, na anayepita huingia, akaagiza chakula na kukaa.